Mkono wa Mwenyewe

Mkalimani alianguka tena kabla chai ya Sindano haijapoa.

Mkalimani si mtu. Ndilo jina ambalo karakana nzima iliipa kompaila, ile programu inayochukua maandishi ya fundi na kuyageuza kuwa amri ambazo chipu inaweza kuzitii. Kwa kawaida ni mnoko wa kupindukia. Ukisahau nukta anakutajia mstari, anakutajia na neno, kisha anagoma kuendelea mpaka utubu. Lakini safari hii hakulalamikia mstari wowote. Alianza kazi vizuri, akafika katikati, akazima, akaacha kwenye kioo maneno machache: "Hitilafu ya ndani ya kompaila." Chini yake palikuwa na ombi la adabu kwamba atakayeliona jambo hilo atoe taarifa.

"Unaanguka mwenyewe, halafu unataka mimi nikusemee kwa wakubwa wako," Sindano alimwambia, akasonya.

Jina la Sindano alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, kwa kuwa alikuwa msichana mwembamba na hakuna tundu lililomshinda kupitisha uzi. Kaka mwenyewe mtaani aliitwa Bingwa, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la kumkejeli, naye akalifanyia kazi mpaka likawa kweli. Ndiye aliyeianzisha karakana hii yenye meza chache, feni moja na ukuta uliojaa bodi za umeme zilizotundikwa kwa misumari. Ndiye aliyemfundisha Sindano kulehemu, kusoma michoro na kuandika programu. Na sasa alikuwa amelazwa hospitalini, wodi ya wagonjwa wa kifua, akivuta hewa ya mtungi.

Hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Hospitali ile haikuzoea kutegemea mitungi. Nyuma ya wodi kulikuwa na mtambo unaochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, na mtambo huo uliongozwa na kisanduku kidogo alichokitengeneza Bingwa mwenyewe, enzi hizo akiwa kijana mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Ndani ya kisanduku mlikuwa na chipu ya kale, ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza zamani. Kisanduku hakikuwahi kuugua hata mafua, mpaka kile kifaa kinachopima usafi wa oksijeni kilipokufa. Wakaleta kingine, cha kisasa, kizuri, ila kilisema kwa lugha yake: kikisema safi, kisanduku kinasikia chafu. Na kwa kuwa Bingwa alikitengeneza kisanduku kiwe mwoga kuliko kiwe muuaji, kikisikia chafu kinauzima mtambo.

Dawa yake ilikuwa kubadilisha tarakimu chache tu. Sindano alizibadilisha siku ile ile aliyoitwa, akidhani hata jasho halitamtoka. Akampa Mkalimani, na Mkalimani akaanguka. Tangu hapo siku zilikuwa zinakwenda, na wodi ilikuwa inaishi kwa mitungi inayoletwa na lori kutoka mji mwingine, leo linafika, kesho halionekani.

Daktari hakumficha. Alimvuta kando ya korido, pale wanapoegesha machela, akasema kwa sauti ya chini, "Mapafu ya kaka yako yamechoka. Oksijeni haitayaponya, sitaki nikudanganye. Lakini nikiwa nayo ya kutosha, siku yake ikifika atakwenda kwa utulivu. Nikiwa sina, atakwenda akiitafuta hewa. Umewahi kumwona mtu akifa hivyo?"

Sindano hakuwahi. Hakutaka kuona, na zaidi ya yote hakutaka kumwona Bingwa.

Mkalimani wa zamani, aliyezoeana na chipu ile, alikuwa ndani ya kompyuta iliyokufa kwa maji ya mvua paa la karakana lilipovuja. Huyu wa sasa alikuwa toleo jipya. Sindano aliyatafuta matoleo ya zamani mtandaoni, lakini yale aliyoyapata hayakukubali hata kuwaka kwenye kompyuta za siku hizi. Basi akawaandikia watu wanaoitunza kompaila, huko waliko. Walimjibu upesi na kwa heshima. Walisema chipu hiyo wanafikiria kuiondoa kwenye toleo lijalo, maana hawajui kama kuna mtu bado anaitumia. Walisema programu nzima hawawezi kuisoma. Awatumie mfano mdogo kabisa unaoiangusha kompaila, nao watatazama.

"Hawajui kama kuna mtu bado anaitumia," Sindano alirudia mbele ya kioo. "Jamani, watu wanaitumia kupumua."

Kupata mfano mdogo kuna njia yake, na Bingwa ndiye aliyemfundisha. Unaikata programu nusu, unampa Mkalimani. Akianguka, ujue mchawi yumo kwenye nusu hiyo. Asipoanguka, yumo kwenye ile uliyoiondoa. Unaichukua nusu yenye mchawi, unaikata tena. Unakata na kukata mpaka unabaki na mistari michache ambayo huwezi kuipunguza zaidi. Ni kazi ya subira, wala haina ujanja.

Sindano alikata sehemu ya juu, Mkalimani akaanguka. Akairudisha, akakata ya chini, akaanguka. Akakata ya katikati, vile vile. Aliondoa kengele za tahadhari, akaondoa saa, akaondoa maandishi ya kwenye kioo cha kisanduku, kimoja kimoja kisha vyote pamoja, na kila mara yalirudi maneno yale yale. Hapo akaanza kuamini kwamba mchawi yuko kila mahali, na fundi akishafika hapo amekwisha. Alilaumu kompyuta yake, akaifungua na kuipangusa vumbi. Akaazima ya jirani mwenye duka la kuchapisha, na Mkalimani akaanguka huko pia, mbele ya wateja. Akalaumu umeme. Kisha akalaumu joto, akaisogeza meza chini ya feni, jambo ambalo halikumsaidia yeyote ila yeye mwenyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukikata hata mara moja, wala hakuwaza kukikata, kama anayefagia chumba asivyowaza kuufagia ukuta.

Karakana ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Kila kipande cha programu, aliyekiandika anaweka alama yake juu, nao waliita kuweka mkono. Kipande chenye mkono wa mtu hakiguswi na mwingine mpaka mwenyewe awe ameketi pembeni. Sheria hiyo haikutoka hewani. Zamani fundi mmoja, mtu mzuri, mcheshi, alikuta kwenye kazi ya mwenzake mstari aliouona hauna kazi, akaufuta ili kusaidia. Kumbe mstari ule ndio uliozuia pampu ya kisima isizunguke kavu. Pampu ikaungua, mtaa mzima ukabeba ndoo, na Bingwa akasema kuanzia leo, kila kitu na mkono wa mwenyewe. Mfumo mzima wa karakana ulisimama juu ya neno hilo, na kwa kweli uliwaepusha na mengi.

Programu ya mtambo wa oksijeni Sindano alikuwa ameiandika upya karibu yote, Bingwa akiwa ameketi pembeni. Kipande kimoja tu kilibaki na mkono wa Bingwa, nacho kiliitwa Zamu. Mtambo ule una matangi mawili yaliyojaa punje nyeupe, na punje hizo hunasa hewa nyingine na kuiacha oksijeni ipite. Tangi moja likifanya kazi, jingine linatema hewa liliyoinasa, halafu yanabadilishana. Kuyapanga hayo mawili, kucha kutwa, ndiyo ilikuwa kazi ya Zamu. Ilikuwa fupi na ya ajabu. Bingwa aliiandika kwa ajili ya chipu yenye nafasi finyu, akakunja mizunguko miwili ndani ya mmoja kwa namna ambayo ukiisoma mara ya kwanza unadhani ni kosa, ukiisoma mara ya pili unadhani ni uchawi, na mara ya tatu unacheka peke yako. Mafundi wa karakana nyingine waliwahi kuja kuitazama tu, na ndipo jina la Bingwa lilipoacha kuwa kejeli.

Basi kila nusu aliyoikata Sindano, Zamu aliiacha humo. Si kwamba aliamua. Mkono wake uliipita tu.

Mchana mmoja alimkuta fundi wa mitambo wa hospitali, aliyejulikana kwa jina la Spana, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mlangoni mwa chumba cha mtambo. Mtambo ulikuwa kimya. Miaka yote Spana alikuwa akiulalamikia kwa kelele, na sasa alikuwa na uso wa mfiwa.

"Habari za vita?" Spana aliuliza.

"Adui simjui. Lori je?"

"Limeharibika njiani. Wanasema kesho. Na mimi kesho yao naijua." Alielekeza kidevu kwenye mitungi iliyopangwa ukutani. "Mingi hiyo unayoiona ni makopo matupu. Yenye kitu ni ile ya mwisho mwisho pale."

Sindano hakugeuka kuitazama. Spana, ambaye hakuweza kuvumilia kimya cha mtambo na cha mtu kwa pamoja, akaanza kusimulia habari za shemeji yake.

"Amehama tena, unajua? Nyumba ya tatu hii. Kule kwa kwanza majirani walikuwa wachawi. Kwa pili walikuwa wambea. Hawa wa sasa hata kosa hawana, ati wana roho mbaya tu ya kuzaliwa nayo. Nikamwambia, shemeji yangu, mtu akihama nyumba tatu na kote akagombana na majirani, tusiwachunguze tena majirani. Tuchunguze ulichokuwa umekibeba kila ulipohama."

Sindano alicheka kwa adabu. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Alijiona akikata juu, akikata chini, akihamia kompyuta ya jirani, na kila alikohamia alikuwa amebeba kitu kimoja kile kile, tena amekibeba kwa heshima zote.

"Wewe, vipi?" Spana alishtuka. "Nimekuudhi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Sindano, akaondoka bila kuaga.

Kule karakana alitengeneza nakala ya programu, na hata hivyo alikaa mbele yake akiogopa. Alijiambia kwamba huku si kugusa, ni kuweka kando. Akaitoa Zamu, vyote vingine akaviacha. Mkalimani akapita mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akafanya kinyume: akatupa kila kitu, akaiacha Zamu peke yake, mistari ambayo ingeweza kuandikwa kwenye kiganja. Mkalimani akaanguka papo hapo.

Hakufurahi hata kidogo. Fundi aliyempata mchawi wake hurusha mikono juu, lakini Sindano alishika tama akalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Siku zote zile wodi ilikuwa inakausha mitungi kwa sababu yeye alikuwa anamheshimu kaka yake. Aliisoma Zamu tena na tena akitafuta kosa, na kosa hakuliona. Kila mstari ulifuata sheria. Ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini ilikuwa sahihi, kama ilivyokuwa siku ilipoandikwa. Waliotengeneza Mkalimani mpya walikuwa wameisahau tu chipu ile na watu wake, na Mkalimani alipofika kwenye mkunjo ule wa Bingwa alipotea njia akaanguka. Mistari ile michache akawatumia, kama walivyoomba, lakini hakuwa na muda wa kuwasubiri.

Ilibidi aiandike upya kwa namna ya kawaida, mizunguko miwili iliyonyooka ambayo hata Mkalimani msahaulifu angeielewa. Alianza, akafika katikati akakwama. Palikuwa na hatua asiyoielewa. Tangi moja likishamaliza kazi, kabla halijatema, Zamu ilifungua njia kati ya matangi yote mawili kwa muda mfupi, kisha ikaifunga. Huenda ilikuwa ujanja wa kubana nafasi tu. Huenda ilikuwa ni ule mstari wa pampu ya kisima. Aliyejua alikuwa mmoja, na sheria nayo ilimpeleka kwa huyo huyo.

Wifi yake, mke wa Bingwa, alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, akimpangusa mgonjwa shingo kwa kitambaa chenye maji. Bingwa alikuwa amefumba macho chini ya barakoa. Kifua kilipanda na kushuka kwa shida, na mshale kwenye shingo ya mtungi ulikuwa umeshuka chini kabisa ya nusu.

"Wifi, nahitaji kumuuliza neno."

"Niulize mimi."

"Ni la kazi."

Wifi aliacha kupangusa. "La kazi! Daktari kasema asisemeshwe. Kila neno analolitoa ni hewa, unanisikia? Hiyo karakana yenu imekula usingizi wake, imekula sikukuu zake, watoto wamekua wanamwona mgongo. Hata hapa imemfuata?"

Yote yalikuwa kweli. "Wifi, mtambo hautawaka bila jibu lake. Na mtungi huu ukiisha..." Wifi akautazama mtungi, akakikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

Ndipo Bingwa, waliyedhani amelala, akainua vidole viwili juu ya shuka. Karakana nzima iliijua ishara ile. Maana yake, leta nione.

"Mwache," alisema. Sauti ilitoka kwa mbali.

Sindano akapiga magoti ili mdomo uwe karibu na sikio. "Kaka, ni Zamu. Mkalimani mpya anaangukia kwenye Zamu."

Bingwa alifumbua macho. Alikuwa mtu aliyepokea habari za ugonjwa wake mwenyewe bila kukunja uso, lakini hii ilimkunja. "Nilikosea... wapi?"

"Hukukosea. Nimeipitia yote, hakuna sheria uliyoivunja. Wameisahau chipu yetu. Hawajui kama bado kuna wanaoitumia."

Alilipima jambo hilo, pumzi moja, pumzi ya pili. "Waambie... wazee... bado tupo."

"Hata hapo ulipo unatania," wifi alisema, akageuzia uso dirishani.

"Nataka niiandike upya, ya kawaida," Sindano aliendelea haraka. "Lakini kuna pale unapofungua njia kati ya matangi yote mawili. Sikuelewi. Nikipaondoa itakuwaje?"

Bingwa alitikisa kichwa, kisha akaacha maneno akatumia mikono. Alikunja ngumi ya kulia akaikaza: tangi lililojaa hewa. Mkono wa kushoto akauacha wazi juu ya shuka, mtupu. Sindano alingoja aifungue ngumi, lakini hakuifungua. Aliisogeza polepole mpaka ikagusa kile kiganja kitupu, akaituliza pale. Ngumi ikalegea kidogo. Vidole vya kushoto navyo vikajikunja kidogo, mpaka mikono yote miwili ikalingana. Ndipo akaitenga, akaifungua ya kulia, akaimwaga hewani.

"Linaligawia lenzake?" Sindano aliuliza.

"Aliyejaa... humgawia mwenzake. Kwanza." Alipumzika. Mshale wa mtungi haukupumzika. "Ndipo... anatema. Ukiliondoa hilo... nusu ya nguvu... unaimwaga bure. Wodi... haitatosheka."

Sindano aliketi sakafuni pale pale, kompyuta mapajani, akaanza kuandika. Hakuhitaji tena kumuuliza kitu, lakini hakuondoka, maana sheria ilitaka mwenyewe awe pembeni. Baada ya muda alihisi kompyuta ikiinuliwa upande mmoja. Alikuwa wifi. Alikuwa amekisogeza kiti chake, ameishika kompyuta kwa pembe na kuielekeza kitandani, ili mumewe aione kazi bila kunyanyua kichwa. Mkono wake mwingine bado ulikuwa na kitambaa.

Ilipokamilika, Sindano alirudi juu ya kipande, pale panapowekwa mkono, akaandika alama ya Bingwa. Kidole kikapungwa mbele ya kioo: hapana.

"Wako," alisema Bingwa.

"Kaka, hii ni yako. Mimi nimeinyoosha tu."

"Weka... wako. Atakayekuja kuuliza..." Alivuta hewa, ikakawia kufika. "...amkute... aliye hai."

Wifi alishusha kompyuta taratibu. Hakuna aliyembishia, maana wote watatu walikuwa wanajua. Sindano akaifuta alama ya kaka yake, herufi kwa herufi, akaweka yake. Machozi yalimtoka akiwa anaandika, na hakujisumbua kuyafuta.

Mkalimani alipita. Hakusema asante wala samahani, alipita tu mpaka mwisho na kukabidhi mzigo. Sindano alikimbia na waya wake mpaka chumba cha mtambo, akauchomeka kwenye kisanduku, na Spana akasimama nyuma yake akiwa ameshika spana ambayo haikuwa na kazi yoyote pale. Kioo kidogo kiliwaka. Injini ya kushindilia hewa ikakohoa, ikakataa, ikakubali. Tangi la kwanza likajaa. Halafu kukaja sauti ndogo, mluzi mfupi wa hewa inayovuka kutoka tangi moja kwenda jingine, ikatulia, na baada yake mfoko mkubwa wa kutema. Tangi la pili likapokea zamu. Walisubiri wakiwa wamebana pumzi mpaka kile kifaa kipya kikasema lake, na kwa mara ya kwanza kisanduku kikasikia safi.

"Haya makelele," Spana alisema, akipangusa macho kwa mkono wenye grisi, "nilikuwa nayatukana kila siku."

Sindano aliporudi wodini, muuguzi alikuwa ameshauchomoa mpira wa hewa kwenye mtungi na kuuchomeka kwenye tundu la ukutani linaloleta hewa ya mtambo. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Muuguzi aliukokota mtungi mtupu nje na watu wakampisha njia.

Bingwa alikuwa anasikiliza. Mtambo ulikuwa nyuma ya ukuta ule ule wa kitanda chake, na mtu mwenye sikio la kazi angeweza kuyafuata matangi. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka. Ngumi, kiganja, kugusana, kutulia, kutema. Alifuata mizunguko kadhaa, uso umekunjamana kwa umakini kama wakati wa kukagua kazi ya mwanafunzi. Kisha mikono ikatulia, na akalala usingizi ambao wifi alisema hakuwa ameupata tangu walipoingia pale.

Aliishi siku kadhaa baada ya hapo, si nyingi. Daktari hakuwa amedanganya. Alikwenda asubuhi, jua limeshaingia dirishani, wifi akiwa amemshika mkono na Sindano akiwa miguuni. Pumzi zake zilipungua, nafasi kati yake ikirefuka, mpaka moja haikurudi. Hakuitafuta hewa. Hewa ilikuwepo, ya kumtosha yeye na kitanda cha jirani na cha mbele yake, na nyuma ya ukuta matangi yaliendelea kupokezana.

Walipomaliza matanga, Sindano alifungua karakana. Alifagia, akapangusa meza ya Bingwa, akakaa kwenye yake. Kwenye kompyuta kulikuwa na jibu kutoka kwa watunzaji wa kompaila. Walisema wameona kosa, na kosa lilikuwa lao. Walisema ile chipu hawataiondoa tena, kwa kuwa sasa wanajua ina watu. Na ile mistari michache aliyowatumia wameiweka kwenye majaribio yao: tangu sasa kila toleo la kompaila, kabla halijatoka kwenda kwa mtu yeyote, litapitishwa hapo kwanza, na likianguka halitoki. Utaratibu wao ni kuweka juu jina la aliyeandika na anwani yake, ili mwenye swali ajue pa kuuliza. Waandike jina la nani?

Alisoma jibu hilo mara mbili, na mara ya pili alisoma kwa sauti, akiielekea ile meza iliyopanguswa. Kisha akaandika jina la kaka yake. Hakuandika Bingwa. Aliandika lile alilopewa siku aliyozaliwa, akaongeza la baba yao na la babu yao, jina refu ambalo mtaani wengi hawakuwahi kulisikia.

Penye anwani alisita kidogo. Akaandika: "Mwenye swali aniulize mimi. Nilikuwa nimeketi pembeni yake."